Mpagazi Habebi Mpagazi

Ukimsikia mtu wa mtaa wetu hapa Kanyenye akisema kwamba fulani amepita Tabora, usidhani anazungumzia treni. Ana maana kwamba fulani amezidisha. Amekula pilau ya shughuli mpaka kuinuka ni taabu, amechimba msingi wa nyumba ya vyumba sita na bati hana, au ameshika kipaza sauti kwenye kikao cha harusi mpaka watu wameanza kuchezea simu. Msemo huo haukutoka redioni. Ulitoka kwenye kibaraza cha duka moja lililofungwa siku nyingi, ambapo mimi natengeneza simu na mama mmoja anafuma skafu, na ni yeye aliyeuanzisha.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi pia ni fundi, nina meza, nina bisibisi za kila namna na kibao kilichochorwa simu kubwa, lakini mtu akisimama barabarani akaita "Fundi!" nami nikainua kichwa, ananiambia, "Siyo wewe." Nimezoea. Mimi ni Fundi Simu. Yeye akiwa na furaha ananiita mwanangu, akiwa amenuna ananiita jirani, na ninajua siku yangu itakuwaje kwa neno hilo la asubuhi.

Skafu yake si ile ndefu iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Inaanza na ncha nyembamba, inapanuka kidogo kidogo mpaka katikati, halafu inapungua tena hadi ncha ya pili. Ukiitandaza mezani, upande mmoja umenyooka na wa pili umepinda kama mwezi mchanga, na huo uliopinda una pindo la meno meno kutoka ncha hadi ncha. Pindo hilo halishoni baadaye. Analifuma palepale, pamoja na skafu yenyewe, mstari kwa mstari. Ukijifunga, meno yanalala kifuani vizuri kabisa. Wageni wakiiona humuuliza kama ni mtumba wa Ulaya, na hapo ndipo jirani yangu hupoteza ukarimu wake.

Mtu anaweza kuuliza nani anavaa sufu Tabora. Wanaouliza hivyo hawajawahi kuendesha bodaboda hapa mwezi wa saba alfajiri. Madereva wanazinunua, wanakwaya wanazinunua, na wanaosafiri kwa treni kwenda Kigoma wanapita kuchukua moja kabla ya kwenda stesheni. Asiyevaa skafu ni Fundi mwenyewe. Anasema inawasha shingo. Akisikia baridi anajifunika khanga mbili, ameketi katikati ya marundo ya sufu, anatetemeka.

Sasa hiyo habari ya Tabora. Fundi anafundisha wanawake wa mtaa, watatu au wanne kwa wakati mmoja, na hafundishi kwa maneno ya shuleni. Anafundisha kwa njia ya misafara, ile ya zamani, ya kutoka pwani kuja kwetu na kuendelea hadi ziwani.

"Hapa ni Bagamoyo," anasema akifunga uzi kwenye sindano. "Tunaanza na wapagazi wachache. Msafara mkubwa hauanzi mkubwa."

Wapagazi ni vile vitanzi vya uzi vinavyokaa kwenye sindano. Kila baada ya mistari michache anaajiri mmoja, na skafu inapanuka. Pale panapochosha, unapofuma na kufuma na huoni kazi ikikua, ni Ugogo, maji hakuna. Katikati, mahali papana kuliko pote, ni Tabora. Kutoka Tabora msafara unapungua, unapita Malagarasi, unapita Uvinza, hadi ile ncha ya mwisho, ambayo ni Ujiji. Na kila jino la pindo ni kambi: wapagazi wachache wanatoka pembeni ya njia, wanatua mizigo, kesho wenzao wanaendelea. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa amefika wapi hajibu kuwa amefika robo. Anajibu, "Mpwapwa, mama," na mpita njia asiyejua anageuka kumwangalia mtu aliyefika Mpwapwa akiwa amekaa kwenye mkeka.

Kila skafu inatoka kwenye donge moja tu la uzi. Ukirudi dukani wiki ijayo kuomba rangi ileile, unapewa binamu yake, na macho ya watu wa Tabora ni makali. Kwa hiyo nusu ya uzi inakupeleka Tabora na nusu ya pili inakufikisha Ujiji. Ukinogewa na upana ukaendelea kuajiri wapagazi baada ya nusu kwisha, umepita Tabora. Uzi utakuishia porini. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu, msimu mmoja wa mvua wateja walipokuwa adimu, nikapita Tabora kwa mbali sana. Skafu yangu ina ncha moja, na upande wa pili umekatika kama shati lililoliwa na mbuzi. Ninaitumia kufunika simu za watu vumbi lisiingie. Fundi akipita anaiinua kidogo, anaiangalia, anairudisha, na hilo huniuma kuliko maneno.

Kujua umefika Tabora kuna namna yake. Upande wa pili wa kibaraza anakaa mzee wa asali, mtu wa Sikonge, anayekuja na madumu yake nyuma ya baiskeli na mzani wa zamani wa sahani mbili. Fundi anainuka, anaweka kazi yake na sindano zake za mianzi, nyepesi mno, kwenye sahani moja, na uzi uliobaki kwenye sahani ya pili. Mzani ukilala sawa, msafara umeingia Tabora. Usipolala sawa, bado.

"Mzani wako una asali," anamwambia mzee, kila mara.

"Asali haijamdhuru mtu."

"Imenidhuru mimi. Jana nimemuuzia mtu skafu, nyuki wamemfuata mpaka Chemchem."

"Basi niuzie mimi, nyuki wananijua."

Hayo maneno nimeyasikia siku nyingi kuliko sala. Wakikosana kweli, mzee anaufunika mzani kwa gunia, na Fundi anakaa hadi jioni bila kufika Tabora, anajifanya hana haraka. Kesho yake anamletea mzee matobolwa kwenye bakuli, yale ya viazi vilivyokaushwa vikachemshwa na karanga, na gunia linaondoka.

Nikisema matobolwa yake ni mazuri nitakuwa nimedanganya. Yanaungua. Kila anachopika kinaungua, kwa kuwa anakipika huku anafuma, na akili haiko jikoni. Mtu huyu ambaye hawezi kuvumilia kitanzi kimoja kilicholegea, hajui ufunguo wa nyumba yake uko wapi. Kanisani anafika wakati wa sadaka. Ana saa ya mkononi iliyosimama, na hataki nimpelekee kwa fundi saa, anasema ikianza kwenda itamsumbua. Nilidhani watu wa mikono makini wako makini kote. Huyu umakini wake wote unaishia kwenye sindano, kwingine ameachia Mungu.

Kwenye sindano kuna sheria mbili, na hizi hazina mjadala.

Ya kwanza: hatoroki mtu. Kitanzi kikidondoka, hata kama kimedondoka Ugogo na wewe umekigundua umekaribia Ujiji, Fundi anafumua kazi yote mpaka pale kilipodondokea. Nimewaona wanawake wazima wakitokwa na machozi kwa sheria hii. Siku moja alikuja binti wa chuo, anatafuta habari za njia ya misafara, akasikia maneno ya wapagazi akafurahi kwanza, halafu akauliza kwa upole kama mama hajui kwamba njia ileile walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo. Nikaacha kupuliza vumbi kwenye simu niliyoshika.

"Najua," Fundi akasema. "Nani wa hapa hajui? Ndiyo maana kwenye skafu yangu hakuna aliyefungwa, na akianguka simwachi porini. Namrudia. Zamani nani aliwarudia?"

Binti aliomba afundishwe, akakaa mpaka Mpwapwa, akarudi chuoni kwake. Bado anapiga simu kuuliza Ugogo unavukwaje.

Sheria ya pili: mpagazi habebi mpagazi kabla ya Tabora. Kuna ujanja wa kupitisha sindano kwenye vitanzi viwili kwa pamoja vikawa kimoja. Ndivyo skafu inavyopungua kwenda Ujiji, na huko inaruhusiwa. Lakini wavivu huutumia mapema, wakishahesabu wakakuta wamezidisha mmoja: wanambebesha mwenzake, kazi inaendelea, nani ataona. Fundi anaona. Anapitisha kidole gumba juu ya kazi yako, anasimama hapo hapo ulipodanganya.

"Huyu kwa nini amebebwa?"

"Walizidi, mama."

"Walizidi kwa sababu hukuhesabu. Amebebwa kwa kosa lako. Rudi."

Nilidhani sheria hizi ni zake. Siyo. Ni za mama yake, aliyemfundisha yeye na dada yake wakiwa wasichana, na hapo ndipo penyewe pa habari hii.

Fundi ana dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa na mtu wa reli akaenda naye Kigoma, wakajenga Ujiji. Nilikaa na Fundi kibaraza kimoja miaka mingi kabla ya kulijua hilo, kwa sababu hakuwahi kulitaja neno dada. Alisema "Ujiji." "Ujiji wamepata mvua." "Ujiji wana msiba." Mimi nikidhani ni mji tu anaoupenda, kama wengine wanavyopenda timu za mpira. Na huko Ujiji hajawahi kufika. Bagamoyo pia hajafika. Mtu huyu anayewapeleka wanawake wa Kanyenye pwani na ziwani kila wiki, mbali alikowahi kwenda yeye ni Nzega, kwenye msiba, akarudi siku hiyohiyo.

Ugomvi wao ukiusikia unacheka, halafu hucheki tena. Mama yao alipofariki, siku ya kumaliza matanga, watu wakikumbushana habari zake, ikaja habari ya skafu. Fundi akaeleza jinsi mama alivyoanzia Bagamoyo. Dada yake akasema mama hakuanzia Bagamoyo, alianzia Ujiji, kwa kuwa mzee mmoja wa ukoo wao, aliyekuwa mpagazi zamani, alibeba meno ya tembo kutoka Ujiji kwenda pwani. Fundi akasema mzee alibeba majora ya nguo kutoka pwani kuja huku. Watu wakacheka, wakaanza kuchagua pande. Dada akasema, "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki." Fundi akasema, "Wewe uliolewa ukaondoka, mama nilibaki naye mimi." Dada akasema, "Ulibaki naye, na bado hukumsikiliza." Hapo hapakuwa na wa kucheka tena. Dada alipanda treni ya kurudi, akaapa hakanyagi Tabora maadamu kuna mtu ndani yake anayesema skafu inaanzia Bagamoyo.

Zikawa salamu za kupitia watu. Tena salamu zenyewe ni, "Mwambieni wa Ujiji tuko wazima."

Siku moja Fundi aliniletea simu yake akaiweka mezani.

"Hii imeharibika. Haiiti."

Nikaifungua, nikaisafisha, nikapiga kutoka simu yangu. Ikaita mpaka mzee wa asali akashtuka.

"Nzima, mama."

"Basi mbona Ujiji hawapigi?"

Nikamwambia labda nao wanasubiri apige yeye. Aliichukua simu, akanitazama muda, akasema, "Asante, jirani." Hiyo jirani ilidumu siku nyingi. Lakini niligundua kwamba kila baada ya muda aliniletea tena, haiiti, angalia betri, na mimi nikawa naifungua na kuifunga mbele yake bila kusema neno. Nilimwonea huruma, na sikujua nimsaidieje. Simu naweza kutengeneza.

Aliyefanya la maana ni Salome. Huyu ni binti wa huyo dada, mwalimu wa shule ya msingi, aliyepangiwa kazi Tabora na kufikia kwa mama yake mdogo, yaani Fundi, kama vile hakuna kilichowahi kutokea. Ana kicheko kikubwa na hana subira. Aliposa kijana wa Chemchem, au tuseme kijana alimposa yeye, maana ndivyo inavyosemwa, harusi ikapangwa kufanyika hapahapa. Fundi akaanza kuchagua uzi wa skafu ya bibi harusi. Huko Ujiji mama mtu naye, tukasikia, ameanza kuchagua uzi. Na akaongeza kwamba ataituma kwa treni, yeye mwenyewe haji, kiapo ni kiapo.

Salome alikuja kibarazani baada ya vipindi, vumbi la chaki bado mikononi, akasimama mbele ya mama yake mdogo.

"Sivai mbili. Na ya mmoja wenu sivai."

"Utavaa nini?"

"Nitaingia kanisani shingo wazi, watu waulize. Nataka moja, yenu wote wawili. Mama aanze na Ujiji. Wewe anza na Bagamoyo. Mkutane Tabora."

Mzee wa asali aliacha kumimina. Mimi pia niliacha nilichokuwa nafanya. Fundi alikaa akivuta uzi kwenye vidole, na nikaona anaifuma ile habari kichwani, ncha mbili, nusu mbili, zinaungana katikati kwa sindano ya mkono, kitanzi kwa kitanzi, bila mshono kuonekana. Inawezekana. Kwa mtu anayejua, inawezekana vizuri sana.

"Huko Ujiji amekubali?" akauliza.

"Amesema akikubali Tabora naye anakubali. Na amesema nusu yake haitumi. Ataileta mwenyewe."

"Kwa hiyo amekubali kwamba mtu anaweza kuanzia Bagamoyo."

"Na wewe umekubali kwamba mtu anaweza kuanzia Ujiji."

"Mimi sijakubali kitu," Fundi akasema, akainuka kwenda kwenye mzani. Akaligawa donge la uzi la rangi ya asali, nusu kwenye sahani hii na nusu kwenye ile, akalisawazisha kwa uzi mmoja mmoja, na siku hiyo hakusema chochote kuhusu mzani kunata. Nusu ikaenda Ujiji kwa mkono wa mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anasafiri.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya vituko. Fundi, anayefuma huku anaongea, huku anapika, huku anagombana, sasa alifuma kimya. Alifumua nusu yake mara nyingi, si kwa sababu ya kosa, ni kwa sababu tu jino moja la pindo lilimtazama vibaya. Na kila nilipomwona Salome anapita, nilitumwa.

"Muulize huyo wa Ujiji yuko wapi."

"Yuko Uvinza, mama."

"Uvinza! Anakimbia. Ataangusha watu."

Kesho yake Salome ananiambia kwamba mama yake naye ameuliza Tabora wako wapi, akaambiwa Ugogo, akasema, "Bado Ugogo? Siku zote alikuwa mzito." Nilifikisha nusu ya ujumbe na nusu nikaimeza. Mimi ni fundi simu, najua si kila kitu lazima kipite.

Treni ya Kigoma iliingia Alhamisi, harusi ilikuwa Jumamosi. Tulikwenda stesheni mchana, Fundi, Salome na mimi wa kubeba mizigo. Fundi alifika kabla ya wakati, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka, na nusu yake ya skafu ameiweka kwenye mkoba, vitanzi vimekaa kwenye sindano, na kila baada ya dakika anaingiza mkono kuwapapasa wapagazi wake kama bado wapo.

Dada mtu alishuka behewa la nyuma. Sikuhitaji kuonyeshwa. Paji la uso lilelile, ule mtindo uleule wa kukohoa kidogo kabla ya kusema. Ni mfupi zaidi, na anatembea kwa fimbo, na nilimwona Fundi akiiangalia ile fimbo, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Adabu ni adabu. Mdogo ndiye anayeanza.

"Shikamoo, Ujiji," akasema Fundi.

"Marahaba, Tabora."

Basi, wakaishia hapo. Nikamwamkia mama mkubwa, nikachukua mabegi, nikasema bajaji iko nje. Hakusogea.

"Siendi popote kabla sijaiona yako," akasema. "Isije nikafika nyumbani kwa watu nikakuta aibu."

Wakakaa kwenye benchi la stesheni, wakatandika khanga katikati yao, wakatoa kila mmoja nusu yake. Mimi si mtu wa kusifia sufu, lakini nilisimama pale na mabegi mikononi nikasahau kuyaweka chini. Meno yalikuwa sawa. Mkono ulikuwa mmoja. Kama ningezungushwa mara moja nisingejua ipi imetoka ziwani na ipi imefumwa mbele ya macho yangu. Fundi alipitisha kidole gumba juu ya kazi ya dada yake, ncha hadi mwisho, polepole, na kidole hakikusimama popote. Dada mtu akafanya hivyohivyo kwenye ya Fundi. Nilisikia Salome anapumua.

Kisha wakahesabu wapagazi ili waunganishe. Fundi alikuwa na mmoja zaidi.

"Umeajiri mmoja njiani hukumbuki," dada akasema.

"Wewe umemwacha mmoja Uvinza. Nilisema unakimbia."

"Kwangu hajaachwa mtu. Mama alinifundisha."

"Na mimi nani alinifundisha?"

Tukapewa kuhesabu mimi na Salome, tukarudia, ikawa vilevile. Sauti zikaanza kupanda, watu wa treni wakageuza shingo. Yote yaliyosemwa siku ile ya matanga nikayaona yanarudi, yamesimama mlangoni yanasubiri kuitwa: ulikuwa mdogo, uliondoka, hukumsikiliza. Salome alikuwa amejikunja pembeni ya benchi ameuma midomo. Dada mtu alikunja nusu yake kidogo, akaangalia lile behewa alilotoka, na mimi nikajua anafikiria nini.

"Mwachie mmoja wako atoroke," akasema hatimaye, kwa kuchoka. "Nani atamwona?"

"Kwangu hatoroki mtu."

"Basi fumua."

"Mpaka wapi? Sijui alikoingilia. Harusi ni kesho kutwa."

Mfagiaji akapita na ufagio wake, akatuzunguka. Fundi alikuwa ameinamia sindano yake, anamsukuma mpagazi wa mwisho kwa ncha ya kidole, mbele, nyuma, na mara moja akainua macho, si kwenye skafu, kwenye ile fimbo iliyoegeshwa kwenye benchi. Akaichukua sindano ya pili. Akaipitisha taratibu kwenye wapagazi wawili kwa pamoja, akavuta uzi, wakawa mmoja. Miaka yote nimeshuhudia watu wakirudishwa Bagamoyo kwa hilo.

Dada mtu naye aliona. Alikohoa kidogo.

"Mama alisema mpagazi habebi mpagazi."

Fundi alivuta nusu ile nyingine karibu, akazipanga ncha zitazamane, akatunga uzi kwenye sindano ya mkono.

"Kabla ya Tabora, dada," akasema. "Tumeshafika."